Mahjong ipi ujifunze? Hesabu kete kwanza

Mdogo wangu aliporudi Dar kutoka Chengdu, alikokuwa akisoma, aliniletea boksi zito kama tofali. Ndani mlijaa kete za mahjong, mchezo wa Kichina wa watu wanne, uso mweupe, mgongo wa kijani, zimelala safu kwa safu kama vipande vya sabuni. Nilikuwa nimeshatazama video za kutosha kujiona mjuzi. Nikazimwaga mkekani, nikaanza kuhesabu. Nilitarajia 144. Nikapata 108. Nikarudia: 108 zilezile.

"Umepunjwa," nikamwambia. "Zimepungua 36."

"Hazijapungua, kaka. Chengdu wanachezea hizohizo."

Ilinichukua siku kadhaa za kusoma kukubali kwamba aliyekosea ni mimi. Mahjong ni ukoo mzima, na ukitaka kujua umeingia nyumba gani ya ukoo huo, hesabu kete zilizo mezani. Kete 108 ni Sichuan. Kete 136 ni Japani. Kete 144 ni Hong Kong, na pia mashindano rasmi ya China. Kete 152 ni Marekani. Kwa hiyo anayeniuliza "mahjong inachezwaje?" namrudishia swali: ipi? Aliyejifunza moja akikaa kwenye meza ya nyingine hupotea kama mtu wa arubastini aliyekalishwa kwenye poka. Hizi hapa nimezipanga ubavu kwa ubavu, na upendeleo wangu sitauficha.

Zote zimetoka nyumba moja

Kete hizi zilianza kama karata. Enzi za Ming, Wachina walicheza mchezo wa karata uitwao madiao, na kwenye karata zake zilichorwa fedha. Michoro ile ndiyo tunayoiona kwenye mahjong mpaka leo. Duara ni sarafu. Mianzi ni tungo za sarafu, maana sarafu za China zilikuwa na tundu katikati, zikitungwa uzini kama shanga. Aina ya tatu ni wan, yaani elfu kumi. Tusiwashangae, sisi wenyewe tunatupiana fedha mezani kila siku bila kujua. Uru ya karata zetu ni neno la Kireno, ouros, dhahabu.

Karata ziligeuka kuwa kete katika karne ya 19, zama za Qing. Watu wa Ningbo, mji wa bandari kusini mwa Shanghai, humtaja mwenyeji wao Chen Yumen kuwa ndiye aliyeupanga mchezo ukakaa sawa, na wameuwekea makumbusho ndani ya Tianyi Ge, maktaba yao kongwe. Husimuliwa kwamba mabaharia walichoshwa na karata kupeperushwa na upepo. Sina hakika na kisa hicho, lakini yeyote aliyewahi kucheza karata Forodhani jioni atakiamini. Kinachoshikika zaidi ni seti zilizokusanywa China miaka ya 1870 na George Glover, Mmarekani aliyekuwa ofisa wa forodha huko. Ukikuta boksi limeandikwa kwamba mchezo aliubuni Confucius, ujue unasoma tangazo la biashara la miaka ya 1920 ambalo halijafa.

Jina lenyewe kwa Kichina, maque, ni shomoro. Ndiyo maana kete ya mianzi namba 1 mara nyingi huchorwa ndege badala ya mwanzi, na mgeni huihangaikia usiku mzima akidhani ni kete ya ajabu.

Mbali na aina tatu zenye namba 1 hadi 9, kila kete ikiwa na ndugu zake watatu wanaofanana nayo, kuna pepo nne: Mashariki, Kusini, Magharibi na Kaskazini. Mtu wa pwani mwenye kusi, kaskazi, matlai na umande hapati shida hapo. Kisha kuna tatu ambazo Wazungu walizibandika jina la majoka. Wachina huziita Zhong, nyekundu. Fa, ya kijani, neno la kutajirika. Na Bai, nyeupe. Joka hulioni popote.

Mchezo wenyewe, kwa nyumba karibu zote: wachezaji wanne, kila mmoja kete 13. Unaokota moja, unatupa moja, mpaka ukamilishe makundi manne ya tatu tatu na jozi moja, jumla 14. Kundi ni tatu za aina moja zinazofuatana, kama 4-5-6, au tatu zinazofanana kabisa. Kete aliyotupa mwenzako unaweza kuidaka kwa masharti. Kudaka ya jirani ili kukamilisha namba zinazofuatana Wachina huita chi, maana yake kula, nasi tunajua kula kete tangu utotoni kwenye bao.

Kete 14 zilezile, meza tofauti

Maelezo ya jumla hayamsaidii mtu kuchagua, kwa hiyo tuchukue kete hizi na kuzunguka nazo: mianzi 2-3-4, mianzi 5-6-7, mianzi 8-8-8, Zhong tatu, na jozi ya mianzi 1, wale ndege wawili. Makundi manne na jozi, na tuseme hukudaka kitu cha mtu.

Hong Kong watakuhesabia hivi: kete zote ni mianzi isipokuwa hizo Zhong, hiyo ni faan 3 (faan ndiyo pointi yao), kundi la Zhong, faan 1. Jumla angalau 4. Meza nyingi hudai angalau 3 ndipo uruhusiwe kufunga, kwa hiyo umepita. Hesabu imekwisha kabla chai haijapoa.

Japani hesabu inaanza vilevile, 3 na 1, wao wakiziita han. Lakini ungedaka kete ya mtu njiani, ile 3 ingeshuka kuwa 2. Kisha kuna hesabu ya pili, fu, inayotazama umekamilisha kwa namna gani na makundi yako ni ya aina gani, na ndiyo inayowatoa wanafunzi jasho. Kete zako ni nzuri, ila itabidi mtu mwingine mezani akuambie zina thamani gani.

Mashindano rasmi ya China: mianzi pamoja na Zhong, pointi 6, kundi la Zhong, 2, halafu 2-3-4 na 5-6-7 zinaungana kuwa mstari wa sita, 1, na kwa kutodaka kitu cha mtu, angalau 2. Jumla angalau 11. Kiwango cha chini cha kufunga ni 8. Umepita, na ili ujue umepita ilibidi upitie orodha yenye vipengele 81.

Marekani watakutazama kwa huruma. Kule makundi manne na jozi peke yake hayafungi mchezo. Kete zako zote lazima zilingane na mstari mmojawapo wa kadi iliyochapishwa mwaka huo. Kisichomo kwenye kadi si ushindi, hata kiwe kizuri namna gani.

Sichuan watauliza hiyo Zhong umeitoa wapi.

Hong Kong: ya kuanzia

Kama una watu watatu wa kukaa nao na hakuna kati yenu anayejua, anzeni hapa. Nimewafundisha majirani wa umri wote kwa jioni moja moja, na kilichowachelewesha kilikuwa kuzoea herufi za Kichina za namba kwenye kete za wan. Sheria zenyewe ziliwaingia haraka.

Sababu ni kwamba thamani ya kete zako unaiona kwa macho. Aina moja tupu ni kubwa, aina moja na pepo ni ya kati, tatu-tatu zinazofanana zina thamani yake, na basi. Malipo hupanda maradufu kadiri faan zinavyoongezeka mpaka kikomo mlichokubaliana. Kete nane za maua na majira, zinazoifanya seti ifike 144, ni bahati tupu: ukiokota ua unaliweka pembeni na kuokota nyingine. Wacheza kwa akili huzidharau. Mimi nazipenda, kwa sababu humpa mtoto wa darasa la tano nafasi ya kumshinda baba yake.

Huu pia ndio mchezo wa shughuli. Kwenye karamu za harusi za Hong Kong, wageni waliofika mapema hucheza mahjong wakisubiri chakula kiandaliwe. Nimewahi kukaa ukumbini hapa Dar tangu saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku nikisubiri maharusi, nikitazama kitambaa cha meza. Acha tu.

Ubaya wake upo. Hakuna kitabu kimoja kinachokubaliwa na wote, na kila nyumba ina kanuni zake. Aliyetupa kete ya ushindi analipa peke yake, au wote watatu wanachangia? Kikomo ni faan ngapi? Msipoyamaliza hayo kabla ya kuchanganya kete, mtayamaliza kwa kelele baadaye. Ubaya wa pili ni kwamba pasipo kitu cha kupoteza, watu hutupa kete ovyo na mchezo unapwaya. Fedha sizitaki mezani kwangu, na nyumba nyingi za pwani hazizitaki, kwa sababu hiyo ni kamari. Tunatumia komwe. Kila mtu anaanza na 60, na utashangaa mtu mzima anavyoweza kununa kwa kupoteza mbegu.

Japani: ya mwenye subira, au asiye na wenzake

Mahjong iliingia Japani mwanzoni mwa karne ya 20; anayetajwa sana ni Nakawa Hikosaku, mwalimu aliyefundisha Sichuan na kurudi na seti mwaka 1909. Wajapani wakaondoa maua, wakabaki na kete 136, na baada ya Vita Kuu ya Pili mchezo wao ukawa na sura yake ya pekee inayoitwa riichi.

Neno riichi ni tangazo. Umebakiza kete moja kukamilisha na hujadaka kitu cha mtu: unatamka riichi, unaweka mezani kijiti cha pointi 1,000, na kuanzia hapo huwezi kubadilisha kitu. Unaokota, kama siyo unatupa. Wenzako watatu sasa wanajua una bunduki, hawajui imeelekea wapi.

Lakini wanaweza kukisia, na hapa ndipo riichi inapozizidi nyingine zote kwa akili. Kete zinazotupwa hazirushwi katikati kama Hong Kong. Kila mtu anazipanga mbele yake, sita kwa kila mstari, kwa utaratibu alivyozitupa. Na kuna sheria ya furiten: kama kete unayoisubiri umewahi kuitupa wewe mwenyewe, huruhusiwi kushinda kwa kete ya mtu, mpaka uiokote mwenyewe. Kwa hiyo alichokwisha kutupa aliyetangaza riichi ni salama kwako kutupa. Mwanzoni nilidhani ni sheria ya kukomoana tu. Baada ya mwezi nikagundua kwamba sehemu kubwa ya muda siwazi kushinda. Nawaza nisije nikawa mimi ninayemlisha mshindi. Kila mtu anaanza na pointi 25,000, na aliyetupa kete ya ushindi hulipa zote peke yake.

Ugumu ni hiyo fu, pamoja na sharti kwamba kukamilisha pekee hakutoshi, lazima uwe na angalau yaku moja, mtindo unaotambulika. Mwanafunzi hufika mwisho akiwa na makundi yake manne safi, akaambiwa hana yaku.

Hata hivyo, kama huna watu watatu, hii ndiyo chaguo lako bila mjadala. Tenhou na Mahjong Soul, meza za kuchezea mtandaoni, zina wachezaji saa zote, zinakuhesabia pointi na kukuzuia kufanya kosa la kisheria. Ukitaka kuona inavyochezwa na waliobobea, Japani ina ligi ya kulipwa, M.League, iliyoanza mwaka 2018 kwa timu saba, wachezaji wamevaa jezi kama wa mpira.

Tahadhari: ukitafuta "mahjong" kwenye simu, nyingi utakazopata ni ule mchezo wa mtu mmoja wa kuondoa kete mbili mbili zinazofanana kutoka kwenye rundo. Huo aliutengeneza Brodie Lockard, Mmarekani, mwaka 1981 kwenye kompyuta, na mwaka 1986 ukauzwa kwa jina la Shanghai. Umeazima picha za kete tu. Hata ukiucheza miaka kumi, hutajua chochote cha mahjong.

Marekani: ukialikwa

Mwaka 1920 Joseph Babcock, mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Standard Oil aliyeishi Suzhou, alichapisha kitabu cha kanuni zilizorahisishwa. Kete za kuuzwa Marekani zikawekewa namba na herufi za Kizungu pembeni, na miaka miwili mitatu baadaye nchi nzima ikapagawa. Mahitaji yalizidi hata mifupa ya kuchongea kete, ikabidi mifupa ya ng'ombe kutoka machinjio ya Marekani isafirishwe kwa meli hadi Shanghai, ichongwe, irudi. Kisha homa ikashuka ghafla kama ilivyopanda.

Walioutunza moto ni wanawake, hasa Wayahudi wa New York na vitongoji vyake. Mwaka 1937 kikundi chao kiliunda National Mah Jongg League, na ndiyo inayochapisha ile kadi niliyoitaja. Kila mwaka kadi mpya, michanganyiko mipya, na kila mchezaji hununua yake. Kuna kete nane za jokeri, ambazo hazipo Hong Kong wala Japani. Na kabla ya mchezo kuanza kuna ibada inayoitwa Charleston: unampa wa kulia kete tatu usizozitaka, kisha wa mbele yako, kisha wa kushoto, nawe unapokea takataka za wenzako. Ukiitazama kwa mara ya kwanza inaonekana ya kijinga. Ukiicheza unaona ilivyo tamu, kwa sababu unachompa mtu kinamwambia unachokusanya.

Kwa aliyeko Dar au Mombasa sioni sababu ya kuanza na hii. Seti yake ni kubwa na ina vibao vya kusimamishia kete, kadi lazima iagizwe upya, na ulichojifunza hakihamishiki kwenye meza nyingine. Lakini kwa ndugu zetu wanaoishi kule hali ni nyingine. Shangazi yangu anayeishi Marekani alialikwa na jirani zake wazee, akakataa mara mbili kwa aibu, mara ya tatu akaenda. Sasa ukimpigia Jumatano jioni hapokei.

Rasmi ya China, na ile ya boksi langu

Ile rasmi ilitungwa mwaka 1998 na mamlaka ya michezo ya serikali ya China, baada ya miongo ambayo mahjong ilitazamwa kwa jicho baya kwa sababu ya kamari. Lengo lilikuwa kuifanya mchezo wa akili unaoweza kushindaniwa kimataifa. Ubingwa wa dunia ulichezwa Tokyo mwaka 2002, na wa Ulaya ukafuata Nijmegen, Uholanzi, mwaka 2005. Uzuri wake ni kwamba kanuni zimeandikwa na hazibishaniwi. Kama wewe ni mtu wa kukariri majedwali, na unaishi Ulaya palipo na vilabu, ichague. Kwangu ina ladha ya mtihani.

Sichuan niliidharau kwa sababu ya lile boksi, nikaja kutubu. Haina pepo, haina Zhong wala maua. Kila mchezaji huchagua aina moja kati ya tatu ya kuitupa yote, kwa hiyo unabaki na aina mbili. Kudaka kwa namba zinazofuatana hakuruhusiwi, kwa tatu au nne zinazofanana tu. Na mtu akifunga, mchezo hausimami: anakaa pembeni na chai yake, waliobaki wanaendelea mpaka wabaki na mmoja asiyefunga au kete ziishe. Wacheza dhumna wa barazani kwetu waliielewa siku ileile. Mzee mmoja, aliyeziita "hayo madude" nilipozitoa, alifunga raundi ya tatu, akageuka kuwatazama wenzake wakihangaika, akasema, "Huu ndio mchezo. Unashinda halafu unastarehe."

Taiwan nayo ina ya kwake ya kete 16 mkononi, makundi matano na jozi. Ikiwa una mwenyeji wa kukufundisha, sawa. Bila yeye, iache.

Ukienda kununua

Chukua seti ya 144. Nilijifunza hili kwa kuchelewa: ukiitoa maua unabaki na 136 za riichi, pungufu ya zile kete nyekundu za namba 5 za bonasi ambazo unaweza kuzitia alama ya kalamu. Ukitoa na pepo pamoja na Zhong, Fa na Bai, una 108 za Sichuan. Inayokosekana ni jokeri za Marekani tu. Seti ya 108 kama yangu haipandi kwenda popote. Unayemwagiza Guangzhou mwambie akague pembe za kete kama zina namba za kawaida, kwa sababu bila hizo wageni wako wataikimbia wan. Kete ndefu za Hong Kong zinakaa vizuri mkononi. Za Kijapani ni ndogo, nzuri kwa meza ndogo.

Na muongezee hela ya kitambaa kizito cha kutandika. Kuchanganya kete 144 juu ya meza tupu saa nne za usiku kunasikika nyumba ya tatu, na jirani yangu hakufananisha ile kelele na shomoro.